Wameandika sikio la kulia, lisilosikia ni la kushoto! Nani atalisahihisha faili la mwanangu?

Wakuu, nimekasirika na sitaficha.

Mwanangu ana miaka minane. Sikio lake la kushoto lina shida kubwa ya kusikia, la kulia ni zima. Cheti cha kipimo ninacho hapa mkononi. Kwa asiyewahi kukiona: viduara vyekundu ni sikio la kulia, alama za X za buluu ni la kushoto, na kadiri alama inavyoshuka ndivyo sauti inavyotakiwa iwe kubwa ili mtoto aisikie. Viduara vya mwanangu viko juu kabisa, kwenye desibeli 10 na 15. Alama za X zimeporomoka hadi 70. Hata asiye daktari anaona. Lakini kwenye fomu ya mahitaji maalumu mtu kaandika "sikio la kulia", kafunga faili, kaenda zake.

Mnajua hilo lilifanya nini darasani? Walimu walifuata faili. Wakamkalisha pembeni upande wa kulia, ubavuni mwa dirisha, ili sikio la kushoto, ambalo faili linasema ndilo zima, limwelekee mwalimu. Yaani sikio lake pekee la kutegemea lilikuwa linasikiliza dirisha, muhula mzima! Siku niliyopita nje ya darasa nilimwona amekaa kiupandeupande, shingo kaikunja mpaka kidevu kinakaribia bega la kushoto, anatega sikio la kulia mbele ili angalau aambulie maneno. Mtoto wa miaka minane alikuwa anarekebisha kosa la watu wazima kwa shingo yake.

Na malipo yake? Wameandika kwenye faili hilohilo: "Hatulii kwenye kiti, hamtazami mwalimu, ana dalili za kukosa umakini." Sasa wanapendekeza afanyiwe tathmini ya tabia. Kosa la kwanza limezaa la pili, na la pili linaitwa ushahidi!

Nikaomba nakala ya faili zima. Tarehe ya kuzaliwa imekosewa, wamemwongezea mwaka mmoja. Msiseme ni jambo dogo. Alama za majaribio ya kusoma hulinganishwa na za watoto wa umri uleule, kwa hiyo ukimzeesha mtoto mwaka mzima, unamshusha kwenye matokeo bila yeye kukosea swali hata moja. Ukurasa wa nne kuna jina la mtoto mwingine kabisa. Wamenakili na kubandika. Nimelifunika jina hilo kwa kalamu, kwa sababu mzazi wake naye ana haki ya siri za mwanawe, ila najiuliza aya za mwanangu zimebandikwa kwenye faili la nani.

Nilipoomba wasahihishe nikajibiwa, "Mama, hayo ni makosa ya uandishi tu, tutaambatanisha maoni ya mzazi." Maoni? Mimi sijaleta maoni, nimeleta kipimo! Karatasi ikiambatanishwa nyuma, ukurasa wa kwanza unabaki vilevile, na mwalimu wa mwakani atasoma ukurasa wa kwanza.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, kifungu cha 24, unataka mwanafunzi apatiwe marekebisho yanayolingana na mahitaji yake. Yake, si ya sikio la kubuni. Na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zipo katika nchi nyingi. Ile ya Umoja wa Ulaya, kifungu cha 16, inampa mtu haki ya kurekebishiwa taarifa zisizo sahihi bila kucheleweshwa. Kurekebishiwa, jamani, si kuambatanishiwa.

Kiti tumeshakihamisha leo asubuhi mimi na mwalimu wa darasa, na namshukuru, alielewa palepale nilipomwonyesha kipimo. Jumatatu narudi ofisini na barua, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa nibaki nayo. Nataka sikio lisahihishwe, tarehe isahihishwe, na lile neno la kukosa umakini lifutwe, kisha kila aliyetumiwa faili la zamani atumiwe jipya.

Mliowahi kufanikiwa kufutiwa kosa la namna hii, nielezeni mliandika nini na mlimkabidhi nani. Hasa kuhusu hilo neno la tabia, maana ndilo naona watang'ang'ania.