Mrejesho: karatasi ya kitabu cha nyimbo, Bukavu

Niliuliza kwa nini imprimeri (kiwanda cha uchapaji) ya huku Kadutu ilitupa bei mbili za kitabu cha kwaya, na zote ni karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Asanteni, wakubwa. Kumbe tofauti iko kwenye rojo, yaani ule uji wa nyuzi za mti unaotengenezewa karatasi. Ile ya bei nafuu, mbao zimesagwa tu kwa mashine. Lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, imebaki ndani, na ndiyo inayoleta umanjano karatasi ikipigwa na jua. Nyingine imepikwa kwa kemikali hadi lignini karibu yote ikatoka. Hiyo ndiyo wanaiita "isiyo na mbao", ingawa nayo imetoka kwenye mti! Nilianika vipande vyote dirishani: cha kusagwa kilianza kubadilika, cha pili bado cheupe. Tumechukua hicho, kisichong'aa, maana taa za kanisa zinaakisi usoni. Jalada gramu 250.