Pachi-klampu au picha za kalsiamu kwa pembe ya nyuma ya uti wa mgongo?

NevaTulivu: Wakuu, salaam. Maabara yetu imepata fedha za mtambo mmoja tu na oda lazima iingie kabla ya mwisho wa mwezi. Tunachunguza ishara za maumivu zinavyopita kwenye pembe ya nyuma ya uti wa mgongo, yaani sehemu inayopokea ishara za hisia kutoka mwilini. Nimebaki na mawili: seti ya pachi-klampu (pipeti nyembamba inayonata kwenye seli moja na kupima umeme wake), au hadubini ya fotoni mbili ya kupigia picha za kalsiamu (seli zikiwaka, kalsiamu hupanda ndani yake na zinang'aa). Mngekuwa mimi mngechukua ipi?

MziziWaNyuma: Mkuu, bado hujatuambia kitu. Mnyama gani, ana umri gani? Kipande kilichokatwa au mnyama mzima aliye hai? Mna panya wenye jeni ya GCaMP (protini inayong'aa kalsiamu ikipanda), au mtaiingiza kwa kudunga virusi? Na swali lenyewe ni lipi? "Ishara za maumivu" ni bahari.

Kipande400: Pachi, bila kusita. Kalsiamu inakuonyesha seli imewaka, haikuambii nani kaiwasha. Acha mzizi wa nyuma (fungu la nyuzi za hisia zinazoingia kwenye uti) ushikamane na kipande, uchokoze kwa umeme, upime muda hadi jibu lije. Nyuzi za C, zile nyembamba za maumivu, hupitisha ishara chini ya mita 2 kwa sekunde, A-delta, ambazo ni nene kidogo, zina kasi mara kadhaa ya hiyo, kwa hiyo unajua nani amepiga hodi. Kwa nyuzi za C, chokoza mfululizo kwa hertzi 1. Jibu lisipokosekana hata mara moja, sinapsi (kiungo cha seli na seli) ni ya moja kwa moja, hakuna seli nyingine katikati.

TaaYaKijani: Kaka, seli mojamoja hadi lini? Siku ya neema unapata tano. Tabaka la pili la pembe ya nyuma, kwa hesabu ya Rexed, lina seli ndogo za kila aina, zinazochochea na zinazozuia zimekaa bega kwa bega. Kwa kalsiamu unaona mamia kwa pamoja huku mguu wa mnyama ukipitishwa brashi, ukibanwa, ukipashwa joto.

Kipande400: Akiwa kwenye isoflurani, dawa ya usingizi ambayo yenyewe inaituliza pembe ya nyuma. Na kila akivuta pumzi picha inacheza.

TaaYaKijani: Uti unabanwa kwa vibanio, na mtikisiko unaobaki unasahihishwa na programu.

MamaVibratomu: Wanangu, kabla hamjagombana nisikilizeni. Miezi mitatu tulikata vipande vyenye seli mfu. Chini ya hadubini unaona duara limevimba, kiini kiko wazi katikati, pipeti ikigusa tu utando unapasuka. Tulibadilisha wembe, tukapunguza kasi ya kukata, tukahakikisha utando laini unaouzunguka uti umebanduliwa wote. Mwishowe tukalaumu mikono ya mwanafunzi mpya, binti wa watu akawa anaondoka na machozi. Siku moja nikaona myeyusho wa kuwekea vipande una ukungu, na unga mweupe umetuama chini ya chupa. Kupima pH, imepita 8. Mtungi wa gesi ya kupulizia myeyusho tulioletewa ulikuwa wa oksijeni tupu, si mchanganyiko wa oksijeni asilimia 95 na kabonidayoksaidi 5. Bila kabonidayoksaidi, bikaboneti haiwezi kuishikilia pH. Inapanda, na kalsiamu inaganda. Nilimwomba yule binti radhi mbele ya maabara nzima.

MziziWaNyuma: Pole sana, mama. Ila mbona hakuna anayetaja Fos, protini inayojitokeza ndani ya seli iliyochangamka? Hunt, Pini na Evan walishaonyesha mwaka 1987 kwamba inajitokeza kwenye seli za uti baada ya mwili kuchokozwa. Haihitaji mtambo wowote kati ya hiyo miwili.

TaaYaKijani: Unasubiri kama saa mbili, halafu unaona picha moja isiyo na mpangilio wa muda. Na seli iliyozuiwa haikuachii alama.

NevaTulivu: Samahani kwa kuchelewa. Panya wadogo, wazima, wiki 8 na kuendelea. Tunataka kujua kama seli zinazozuia zinalegea baada ya neva ya mguu kuumia. Wenye GCaMP hatuna bado.

Kipande400: Si ungeanza na hilo! Mikondo ya kuzuia unaisoma kwa pachi.

TaaYaKijani: Kwenye kipande kilichokatiwa ishara zote zinazoshuka kutoka ubongoni. Huoni kuna kitu umekipoteza hapo?

NevaTulivu: Hilo ndilo linaninyima usingizi. Mama, kwa panya wazima mlikatia kwenye myeyusho wa sukrosi (sukari) badala ya chumvi?

MamaVibratomu: Ndiyo, mwanangu, baridi kabisa. Sodiamu kloridi tulitoa yote, magnesiamu juu, kalsiamu chini. Kesho nikifika maabara nitakuandikia vipimo.