Kalenda za rangi nne: weupe watia ukungu wa waridi, rangi hazikutani

Matbaa_Malindi
Assalaam aleikum wazee. Kazi ni kalenda 2,000 za A3, karatasi ya kung'aa gramu 130, mashine ya ofseti GTO 52 ya rangi mbili, kwa hiyo karatasi hupita mara mbili. Jana samawati na nyeusi zimetoka safi. Leo majenta na manjano: sehemu nyeupe yaota ukungu wa waridi, na picha ya ngalawa ina kivuli pembeni, zaidi kuelekea mkia wa karatasi, upande unaotoka mwisho. Maji ni ya kisima. Nibadilishe pleti, yaani bamba la alumini lenye picha?

FundiShela
Usiguse pleti bado, shekhe. Hayo ni maradhi mawili.

Tuanze na ukungu. Pleti ya ofseti haina mchongo: picha yapenda mafuta, pengo (pasipo picha) lapenda maji, na blanketi ya mpira huchukua kilichoko na kukitia karatasini. Weupe ukishika wino, maji yameshindwa kazi. Simamisha mashine, pangusa pengo la pleti ya majenta kwa sponji yenye maji safi. Ukitoka upesi halafu ukarudi pleti nzima, wino umechanganyika na maji tangini. Usipotoka, pleti yenyewe imeharibika. Aghalabu iliachwa bila gamu, utomvu wa kulinda pleti, mashine iliposimama, alumini ikapata kutu.

Pima pH (kipimo cha tindikali) ya maji ya tangi pia. Yatakiwa 4.8 hadi 5.3. Maji magumu ya kisima huipandisha, na chokaa yake huganda kwenye rola mpaka zikakataa wino. Usiongeze dawa ya tangi, ile ya kushusha pH, kwa kukisia: tindikali ikizidi wino haukauki, na kesho rundo zima limegandana.

Kivuli: tazama kwa lenzi. Samawati na nyeusi zikiwa zimekutana na majenta imeachwa nyuma, karatasi imekunywa unyevu usiku ikatanuka. Kivuli kikibadilika karatasi hadi karatasi, angalia vibanio vinavyoshika karatasi na kizuizi cha ubavuni kinachoilinganisha.

KaskaziNaKusi
Nyongeza tu: rundo la pasi ya kwanza lifungwe nailoni pande zote. Feni msiiwashe juu yake, kingo zitajikunja mawimbi.

Matbaa_Malindi
Sponji imetoa, ukungu umerudi pleti nzima. pH 6.1. Samawati na nyeusi ziko pamoja, majenta imebaki nyuma kama robo milimita mkiani. Wino ulikuwa mzito, ukalainishwa kwa mafuta ya taa kidogo.

FundiShela
Mafuta ya taa ndiyo yaliyomaliza! Wino laini mno hunyonya maji na kuchanganyika nayo. Toa wino wote, osha rola na blanketi, mwaga tangi, jaza maji yaliyochujwa chumvi, dawa asilimia 3, upime tena. Wino mpya ukiwa mzito, tumia kilainishi chake cha dukani, kidogo kidogo. Kisha punguza maji hadi weupe uanze kuchafuka, uyarudishe juu kidogo tu.

Robo milimita si kidogo. Kwa mistari 150 ya nukta kwa inchi, nukta hadi nukta ni milimita 0.17, umeshapita nukta nzima. Chana karatasi moja: inakochanika kwa unyoofu ndiko nyuzi zilikolala. Zikilala upande mrefu, imetanuka kuzunguka silinda na dawa ipo. Toa karatasi ya milimita 0.05 chini ya pleti zote mbili za pasi ya pili, iweke chini ya blanketi, picha itarefuka. Nyuzi zikilala upande mfupi, imetanuka kwa upana, na hapo hakuna la kufanya ila kuchapa upya.

Matbaa_Malindi
Zimelala upande mrefu, alhamdulillahi. Kuna kadi za harusi 150 za rangi nne zinasubiri, nizipitishe hapo hapo?

KaskaziNaKusi
Hizo peleka dijitali. Pleti nne, na karatasi za kujaribia mpaka rangi zikae sawa zitashinda kadi zenyewe kwa wingi. Weka GTO kwa vitabu vya risiti vyenye nambari, rangi moja, pleti moja. Hiyo ni kazi yake hata vikiwa 20.

FundiShela
Naam. Na ukimaliza leo, pleti zipake gamu kabla hujazima taa.