Amplifaya ya valvu inakwaruza gaini ikipandishwa

nyuzi6: Wakuu, naombeni msaada. Nimeunda amplifaya ya gitaa yenye gaini (kiwango cha kukuza sauti) kubwa: ECC83 tatu (valvu ndogo za hatua za mbele), EL34 mbili (valvu za nguvu za mwisho), anodi (upande chanya wa valvu) volti 430. Gaini ikiwa chini imetulia. Ikipanda inakwaruza vikali, hata gitaa likichomolewa. Kila ethi (waya wa kurudisha umeme) nimeilehemu kwenye chasi (fremu ya chuma) palipo karibu.

fundi_valvu: Mkuu, hizo ethi nazishuku kwanza. Kapasita ya kwanza ya pawasaplai haijazwi taratibu. Mkondo unaingia kwa vishindo vifupi mara 100 kwa sekunde (120 kwenye umeme wa 60 Hz). Vishindo vikipita kwenye chasi, vinaacha milivolti kadhaa kati ya pointi moja na nyingine, na hatua ya kwanza inazikuza pamoja na sauti ya gitaa. Ndiyo maana ni mkwaruzo, si ule mvumo mzito wa hita (nyuzi zinazopasha valvu joto).

Waya hasi wa daraja la diodi (linalogeuza AC kuwa DC) uende moja kwa moja kwenye mguu hasi wa kapasita ya kwanza. Kathodi (upande hasi) za EL34 zirudi hapo hapo. Hatua za mbele, kila moja irudi kwenye kapasita inayoilisha. Hasi zote ziungane kwa waya mnene na ziguse chasi mahali pamoja tu, kwenye jeki ya kuingizia. Ethi ya usalama ya ukutani ina boliti yake. Usiiondoe kamwe, hata kelele ikipungua.

hita63: Kabla ya kukata waya, pima. Zima, chomoa plagi, na hakikisha kapasita zimeshuka chini ya volti 10. Zikigoma, zimwage kwa rezista ya 10 kΩ, wati 5. Toa V1 (ECC83 ya kwanza), washa. Kukiwa kimya, kelele inaingilia V1. Irudishe, uzungushe gaini polepole. Kelele ikizidi hadi mwisho, chanzo kiko kabla ya potensiomita (kirekebishi cha gaini). Ikiwa kali katikati halafu ikapungua, ni waya unaotoka kwenye potensiomita.

nyuzi6: Bila V1, kimya. Nikiirudisha, katikati ndipo kali, mwisho inapungua. Potensiomita ni ya 1 MΩ.

hita63: Basi ni gridi (mguu unaopokea sauti) ya V1b, yaani nusu ya pili ya V1. Potensiomita ikiwa katikati, gridi inaona ukinzani wa kama 250 kΩ, kwa hiyo waya wake unanasa kila kitu. Weka waya wenye wavu wa nje, wavu uingie ethi upande wa potensiomita pekee. Rezista ya 100 kΩ ilehemu kwenye pini ya 7 yenyewe (kama V1a, nusu ya kwanza, inatumia pini 1, 2 na 3), mguu usizidi milimita 5. Waya huo usiende sambamba na nyaya za hita wala za sekondari ya transfoma. Pakibidi zikutane, zikatane kwa pembe ya digrii 90.

fundi_valvu: Nakubaliana, ila ethi zipange upya vilevile. Hita nazo uzisokote pamoja hadi kwenye soketi, na kama transfoma haina waya wa kati, weka rezista mbili za 100 Ω, moja kila upande, kwenda ethi.