Dogo wa kidato cha tatu: kibanda cha jioni, fundi simu wikendi, au asubiri likizo?

DadaWaMbagala
Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu shule ya kutwa ya serikali hapa Temeke. Ada ilifutwa tangu 2016, sawa, lakini nauli, madaftari, viatu na chakula cha mchana havijafutwa, na bi mkubwa anategemea vitumbua. Dogo amekuja na hoja ya kutafuta kibarua. Njia ziko tatu:

1. Kibanda cha wakala wa pesa cha jirani. Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi jioni mpaka saa tatu usiku.
2. Kwa fundi simu Kariakoo, Jumamosi na Jumapili. Posho ndogo, ila anajifunza.
3. Asifanye kitu mpaka likizo ya Juni na Desemba, ndipo aende kwa mjomba Mbarali kwenye mpunga.

Kibanda ndicho kinacholipa kuliko zote. Naomba mawazo.

KondaMstaafu
Fundi simu. Pesa ya kibanda inaisha, ufundi hauishi.

FlotiImekata
Dada, nimekaa kwenye kibanda cha wakala miaka minne, sikiliza. Hesabu inafungwa usiku. Floti (pesa iliyo kwenye laini ya wakala) na keshi vikijumlishwa visipofikia mtaji ulioachiwa, pengo ni lako. Mteja anakuja na haraka zake, dogo amechoka, anakosea tarakimu moja ya namba, elfu hamsini imeenda kwa mtu asiyepokea simu. Nani anailipa? Mwenye kibanda atamkata dogo mwezi mzima, na mtagombana na jirani bure. Halafu saa tatu usiku mtoto anatembea na mfuko wa pesa Mbagala? Hapana.

MwlChaki
Nafundisha Hisabati sekondari ya kutwa, mwaka wa 14 sasa. Wanaofanya vibarua vya usiku nawajua bila kuuliza. Kipindi cha kwanza yuko macho, kufika saa sita kichwa kiko juu ya dawati. Wala si wajinga. Ni watoto wa C zinazoteleza kuwa D, na hapo ndipo wazazi hawapigi hesabu. C ni pointi 3, D ni 4, na pointi zikizidi daraja linashuka. C saba ni pointi 21, daraja la pili. Nne zikiwa D unafika 25, daraja la tatu. Ikiongezeka ya tano ni 26, umeshaingia la nne. Mtoto ni yule yule, kilichopungua ni usingizi.

Msimhesabie saa tu, mhesabieni saa zipi. Saa kumi jioni hadi saa tatu usiku ndiyo siku yote aliyobakiwa nayo. Akiitoa hiyo, atasoma saa ngapi? Alfajiri, wakati anatakiwa awe kituoni anabembeleza daladala?

DadaWaMbagala
Shikamoo mwalimu. Yeye anasema atasoma kibandani wateja wakipungua.

MwlChaki
Marahaba. Wateja wa kibanda wanajaa jioni, mwanangu. Ndiyo maana mwenyewe anataka msaidizi jioni.

SheriaMkononi
Naongezea hapo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mwenye miaka 14 na kuendelea kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha shule. Lakini kazi ya usiku imekatazwa, na usiku wenyewe ni kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo saa ya mwisho ya hicho kibanda iko nje ya sheria, hata jirani awe mwema vipi.

MtotoWaKisii
Kwetu Kenya wengi tulisoma bweni, kwa hivyo hiyo ya likizo ndiyo tuliyoijua. Aprili, Agosti na Desemba mimi nilikuwa kwa majani chai, unalipwa kwa kilo. Uzuri wake ni kwamba shule ikifunguliwa, kazi imeisha, hakuna wa kukupigia simu. Ubaya: pesa zote zinakuja kwa mkupuo, na kijana wa miaka 16 mwenye pesa ya mkupuo... wacha tu. Viatu vyangu vya shule niliwahi kuvigeuza redio. Mama ashike pesa.

BintiWaPili
Mnaniudhi kidogo. Huyo dogo ana dada nyumbani? Mimi nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kusukuma unga wa chapati za biashara, jioni nachota maji, napika, naosha vyombo, ndipo nafungua daftari. Hakuna aliyefungua uzi kuuliza kama "kazi yangu" inaniathiri masomo, kwa sababu hailipwi. Kabla hamjapanga kibarua, pangeni kwanza nani anafanya nini hapo nyumbani.

KondaMstaafu
Umeongea, dada.

BabaLeicester
Huku Uingereza mtoto wa umri wa shule haruhusiwi kuzidi saa 12 za kazi kwa wiki katika kipindi cha masomo. Siku ya shule ni saa mbili tu, na asiwepo kazini kabla ya saa moja asubuhi wala baada ya saa moja jioni. Binti yangu ana 15, Jumamosi anafagia saluni. Ila msinilinganishe na Temeke: shule yake ni dakika kumi kwa miguu. Dogo wenu, safari ya shule tu inammalizia saa ambazo huku mtoto anacheza.

Halafu kuna jambo hamjaligusa. Anacheza saa ngapi?

DadaWaMbagala
Jumamosi jioni ana mpira, winga wa kushoto. Kwa fundi ataukosa.

FlotiImekata
Mwambie fundi: Jumamosi mpaka saa tisa, Jumapili apumzike na afue nguo zake mwenyewe (BintiWaPili asije akaniandama). Fundi asipokubali, huyo hataki mwanafunzi, anataka kijana wa kutumwa chai.

DadaWaMbagala
Wakuu, nimerudi. Nimekaa na dogo leo nikamuuliza pesa anazitakia nini hasa, maana viatu nilishamnunulia. Kasema twisheni ya Hisabati. Ana F muhula uliopita, alimficha mama.

MwlChaki
Twisheni yenyewe saa ngapi?

DadaWaMbagala
Saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Jumatatu hadi Alhamisi.

KondaMstaafu
😂😂 Yaani akauze muda wa twisheni apate pesa ya twisheni.

MwlChaki
Kesho aende kwa mwalimu wake wa somo na daftari lake, aulize kama kuna vipindi vya marudio shuleni. Asipopata, niandikie pembeni, nitakutumia maswali ya kuanzia. Na huyo fundi mkamwone Jumamosi hii, kabla ya mpira.