Cal 40 ya mwaka 1966 kwa safari ndefu: niichukue au niiache?

Tanga_Moja:
Wakuu, habari zenu. Nimepata yoti ya Cal 40 ya mwaka 1966 na mwenye nayo anataka jibu mwezi huu. Mimi na mke wangu tunataka kuvuka bahari, si kushindana. Rafiki yangu ananiambia chombo cha safari lazima kiwe kizito, mkuku (uti wa chini ya chombo) mrefu kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, na hiki anakiona chepesi. Nimeshaipenda, ndiyo maana siyaamini macho yangu. Mliowahi kushika usukani wake, nisaidieni.

Bisha_Kali:
Mkuu, hayo ya rafiki yako yalisemwa tangu Bill Lapworth alipoichora mwaka 1963. Mkuku mfupi, usukani umetengwa nao na kupelekwa nyuma kabisa, chombo kizima tani 6.8 hivi, na farumi (uzito wa chini unaokizuia kisipinduke) peke yake asilimia 40 ya uzito huo. Watu waliguna. Kisha Cal 40 zikashinda Transpac, mbio za kutoka Los Angeles hadi Honolulu, mwaka 1965, 1967 na 1969.

Sehemu inayokaa majini ina urefu wa futi 30 na kidogo, kwa hiyo kwa kawaida wimbi inalolizua yenyewe ikienda lingeibana kwenye maili 7 na nusu za baharini kwa saa. Lakini upepo ukitoka tezi, tumbo lake bapa hupanda wimbi na kuteleza, ikapita kasi hiyo. Na usukani ule wa nyuma unaishika isigeuke ubavu wimbi linapoisukuma. Kwangu mimi huo ndio usalama, kuliko uzito.

MamaNanga:
Kweli tupu, ila hujamwambia habari ya joshi, upande upepo unakotoka. Nimewahi kupiga bisha, yaani kwenda mshazari kuukabili upepo, siku 4 ndani ya Cal 40. Tumbo lilelile bapa linapiga maji kwa kishindo, usingizi hakuna. Tuligundua kwamba ikilala upande kidogo inatulia, ikisimama wima inapiga. Halafu kaka, usiijaze! Minyororo, maji, mafuta, vyombo vya jikoni... ukiizamisha kwa mizigo umeua kile unachokinunulia.

Fundi_Sitaha:
Mimi ningeanza na usukani. Unaning'inia peke yake, hauna kitu cha kuushika kwa chini, kwa hiyo mzigo wote uko kwenye mhimili wake. Itoe majini, shika ncha ya chini, utikise. Ukicheza, ushushwe mhimili uonekane wote. Kisha gonga sitaha kwa nyundo ndogo, hasa kuzunguka mlingoti: mlio mzito usio na mwangwi maana yake maji yameingia katikati ya matabaka ya sitaha. Vyuma vinavyoshika nyaya za mlingoti vifunguliwe, kutu hujificha pale vinapopenya sitaha.

Tanga_Moja:
Asanteni sana. Njia yetu karibu yote ni upepo wa tezi, na mke wangu ameshaanza kukata orodha ya mizigo. Jumamosi inapandishwa nchi kavu, nitaanza na usukani.