Kamera, kufuli ya mlango na mota ya geti: kipi kiingie kwenye simu, kipi kibaki nje?

Geti_la_Ruaka

Wadau, hamjambo. Naomba ushauri kabla pesa haijatoka. Nyumba iko Ruaka, nje kidogo ya Nairobi, ina geti lake, na mchana anayebaki ndani ni dada wa kazi na mtoto. Vilivyo kwenye orodha: kamera nne za nje na DVR (mashine ya kurekodi picha zake), kufuli ya alama ya kidole kwenye mlango wa mbele (mlango ni wa chuma), mota ya geti inayofunguka kwa simu, balbu kumi za Wi-Fi, spika ya Alexa sebuleni, na swichi ya kuwasha hita ya maji mtu akiwa bado kwenye foleni ya Limuru Road.

Muuzaji anasema vyote vitaingia kwenye programu moja ya simu. Hapo ndipo raha ilipo na ndipo hofu ilipo: akaunti moja, nywila moja, na ndani yake kuna geti, mlango na kamera. Je, kipi kiachwe kabisa? Rauta ipangwe vipi? Na stima ikipotea, geti na kufuli vinakaa katika hali gani?

RautaNaWaya

Karibu. Kwa kila kifaa jiulize: mtu nisiyemjua akikishika kwa nusu saa, atafanya nini? Kwa balbu, atakuzimia taa. Kwa kamera, atajua dada hubaki peke yake saa ngapi. Kwa geti, ataingia. Vitu vyenye hasara tofauti namna hiyo havifai kukaa kwenye akaunti moja, hata kama programu inaruhusu.

Lakini usiidharau kamera kwa sababu ni ya bei ya chini. Mwaka 2016 programu haramu iitwayo Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu majina na nywila za kiwandani, jozi kama 60 hivi, aina ya admin/admin. Ikakusanya kamera na DVR nyingi mno, na Oktoba mwaka huo zikatumiwa kuizidi nguvu Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, hata Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa watu wengi. Wenye kamera hawakuona tofauti, picha ziliendelea kuonekana. Uingereza ilipiga marufuku nywila za kiwandani za aina hiyo kuanzia Aprili 2024. Kifaa unachokuta kwenye maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, huenda hakikutengenezwa kwa soko hilo, kwa hiyo kazi ya kuibadilisha ni yako.

Sasa rauta. Anwani ya kuingilia iko kwenye kibandiko chini yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Badilisha nywila ya rauta yenyewe, si ya Wi-Fi peke yake. Hizo ni nywila mbili na wengi hubadilisha moja tu. Zima WPS (kuungana na Wi-Fi kwa kitufe au pini badala ya nywila) na UPnP. Hiyo UPnP hukiruhusu kifaa cha ndani kijifungulie poti (mlango wa mtandao) kuelekea nje bila kukuuliza, na DVR nyingi hufanya hivyo mara tu zinapowashwa. Kisha washa mtandao wa wageni wa masafa ya 2.4 GHz wenye nywila ya herufi 16 au zaidi, na balbu na spika ziingie huko. Kompyuta ya kazi na simu zenye M-Pesa zibaki kwenye mtandao mkuu.

Watu hukwama hapa: balbu nyingi hazijui masafa ya 5 GHz wala WPA3 (aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi). Ukiweka WPA3 pekee zitakataa kuungana, na utaambiwa balbu ni mbovu. Weka WPA2, iliyoitangulia, kwenye mtandao wa wageni. Wakati wa kusajili kifaa, simu nayo iwe kwenye mtandao huo huo, halafu irudi kwake. Jambo moja utakalolipoteza ni kurusha video kutoka simu hadi TV iliyo upande wa wageni. Kama hilo linakuuma, irudishe TV kwenye mtandao mkuu na uisasishe mara kwa mara.

Uthibitisho wa hatua mbili uwe wa programu inayotoa tarakimu sita, usiwe wa SMS pale unapoweza kuchagua. Mtu akifaulu kuihamisha laini yako kwenye kadi yake, SMS zote zinaingia kwake.

KameraNne

Naongezea kuhusu DVR. Hatari ya kwanza iko kwenye makabidhiano, kabla hata hujafikiria mdukuzi wa mbali. Fundi huweka nywila yake, husajili mashine kwenye akaunti yake ili akuonyeshe kwamba picha zinafika kwenye simu, halafu anakugawia ruhusa ya kutazama. Umelipa, ameondoka, na mwenye mfumo bado ni yeye. Dalili yake ni hii: ukijaribu kuiongeza mashine kwenye akaunti yako, programu inakataa ikisema tayari iko kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo salio lisilipwe mpaka haya yafanyike fundi akiwepo. Aifute mashine kwenye akaunti yake, wewe uiongeze kwenye yako kwa kupiga picha msimbo wa QR. Ubadilishe nywila ya admin mwenyewe, yeye akiwa ameangalia pembeni. Fungua orodha ya watumiaji ndani ya DVR ufute kila jina usilolijua. Badilisha ile namba ya uthibitisho iliyochapishwa kwenye kibandiko, kwa sababu fundi amekwisha kukipiga picha. Mwisho weka barua pepe yako ya kurejesha nywila, maana akiacha yake anaweza kuirejesha siku yoyote.

Sasisha programu ya ndani ya kamera siku hiyo hiyo. Septemba 2021 Hikvision, watengenezaji wa kamera, walitangaza kasoro, iliyosajiliwa kama CVE-2021-36260, ambayo ilimwezesha mtu kuiamrisha kamera bila nywila kabisa. Marekebisho yalitolewa, ila kamera ya zamani ambayo haijaguswa tangu ifungwe bado ina tundu lile lile, na nywila ndefu haizibi chochote.

Akikwambia anataka kufungua poti 8000 au 554 kwenye rauta, kataa. Angalia anwani ya WAN (ile ambayo rauta hupewa na kampuni ya intaneti): ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni yako ya intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja na poti hazitafunguka kutoka nje hata mkeshe. Ukitaka kutazama bila kupitia seva za kampuni ya kamera, tumia VPN, njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa nyumbani ukiwa mbali. WireGuard, moja ya VPN hizo, inahitaji poti moja tu, ya aina ya UDP. Ukiwa nyuma ya anwani ya pamoja, VPN nyingine, Tailscale, kwenye kompyuta ndogo ya nyumbani itapita.

Diski: kamera moja ikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde hula kama GB 21.6 kwa siku. Nne ni GB 86. Diski ya TB 1 inakupa siku 11 hivi, na ya TB 2 mara mbili yake.

Kamera za ndani ya nyumba usiweke. Februari 2024, hitilafu kwenye mfumo wa Wyze, kampuni ya kamera, ilifanya watumiaji wapatao 13,000 waonyeshwe vipicha vya kamera zisizo zao. Hakuna mteja aliyekuwa amekosea. Ikiwa lazima iwepo moja kwa ajili ya mtoto, ilishwe kutoka soketi yenye swichi, izimwe mkiwa nyumbani, na dada aelezwe iko wapi na inaona nini. Hiyo ni heshima yake kwanza. Kamera ya nje ikifikia dirisha la jirani, tumia sehemu ya menyu inayoziba eneo kwa mraba mweusi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeyaacha nje matumizi yaliyo ya kinyumbani tu, na ukishaanza kurekodi ua wa mwingine utetezi huo unalegea.

MageniMlangoni

Ndugu, kuhusu geti na kufuli.

Kabla ya kuhangaikia simu, ikague rimoti. Rimoti nyingi za geti hutumia 433.92 MHz, na zimegawanyika mara mbili: zenye namba isiyobadilika na zenye namba inayobadilika kila ukibonyeza. Ifungue kwa bisibisi. Ukikuta safu ya viswichi vidogo 8 au 10, namba haibadiliki. Kama haina viswichi, chukua rimoti ya kunakili ya bei nafuu, ziweke uso kwa uso, ujaribu. Ikinakili na geti likafunguka, basi yeyote aliyeishika rimoti yako kwa dakika moja, tuseme pale unapooshewa gari, anaweza kuwa na yake. Badilisha risiva pamoja na rimoti uchukue za namba inayobadilika. Usalama unaoupata hapo ni mkubwa kuliko wowote utakaoongeza kwenye simu.

Ukiamua kuweka rilei ya Wi-Fi (swichi inayoendeshwa kwa simu) kwenye mota, kuna makosa mawili yanayorudiwa. La kwanza, rilei iwe ya kontakti kavu, yaani isiyotoa stima upande wa geti. Bodi ya mota inataka waya mbili za kichochezi ziguswe tu, ukipeleka volti 240 hapo umeichoma. La pili, rilei iwekwe kwenye hali ya kubonyeza, sekunde 0.5 hadi 1 kisha ijiachie, na hali yake stima inaporudi iwe kuzima. Zipo zinazotoka kiwandani zikikumbuka hali ya mwisho au zikirudi zikiwa zimewaka. Stima ikikatika na kurudi saa tisa usiku, rilei inawaka, mota inaelewa umebonyeza, na geti linabaki wazi hadi asubuhi. Funga pia sensa ya sumaku kwenye geti ili simu ikuonyeshe geti lenyewe limefunga au la. Amri kutumwa si hakikisho kwamba geti limefika mwisho.

Kufuli: mimi singeiunganisha na intaneti. Alama ya kidole na pini hufanya kazi bila Wi-Fi, na hiyo ndiyo raha yenyewe, kutotafuta funguo. Kuufungua mlango ukiwa Mombasa ni jambo utakalolihitaji mara chache sana, na kwa ajili hiyo unauweka mlango kwenye seva ya watu siku zote 365. Kila mtu apewe pini yake. Dada akiondoka, pini na kidole chake vifutwe siku ile ile. Fundi apewe ya muda.

Mlango wako wa chuma upime unene. Kufuli nyingi za aina hii zimekusudiwa mbao za milimita 35 hadi 55. Mlango mwembamba wa chuma unataka ile ya kubandikwa kwa ndani, na lazima iwe na tundu la ufunguo wa kawaida. Ufunguo huo usikae ndani ya nyumba. Betri ziwe AA za alkalaini. Zile za lithiamu za kuchaji za volti 1.5 hushikilia volti hadi mwisho kisha zinaanguka ghafla, kwa hiyo onyo la betri kuisha halitoki. Betri zikifa, kufuli nyingi zina ncha mbili chini za kugusisha betri ya volti 9, au tundu la USB-C. Jua yako ina ipi kabla ya siku hiyo kufika.

Na komeo la ndani lisiondolewe. Usiku ndilo linalofunga mlango.

Zigbee_Kwanza

Nakubaliana na wengi hapo juu isipokuwa balbu. Badala ya balbu kumi za Wi-Fi, nunua za Zigbee (mawasiliano ya redio yasiyo Wi-Fi) na kituo kimoja cha kuziongoza, au Raspberry Pi (kompyuta ndogo) yenye Home Assistant, programu ya kuongoza vifaa vya nyumbani, na kipokezi cha USB. Balbu ya Zigbee haina anwani ya intaneti, haiwezi kuongea na seva yoyote peke yake, na taa zinaendelea kutii intaneti ikikatika. Kipokezi kitoe mbali na Pi kwa waya wa USB wa mita moja, kwani poti za USB 3 hukivuruga. Kwenye majumba yaliyobanana, Wi-Fi za majirani hujaza hewa. Jaribu chaneli 25 ya Zigbee, iko pembeni mwa chaneli 1, 6 na 11 za Wi-Fi.

Alexa ikae mbali na dirisha, na ununuzi kwa sauti uzimwe. Geti usiliunganishe nayo. Mtu aliye nje akipaza sauti, spika haijui yuko upande gani wa ukuta.

Geti_la_Ruaka

Asanteni sana. Kufuli inabaki bila intaneti, na kamera za ndani nimezifuta. Bado hita: ile ya bafu ni ya papo kwa papo, 5.5 kW. Soketi smati ya 16A itaibeba? Na DVR itahitaji betri ya ukubwa gani?

RautaNaWaya

Haiibebi. 5,500 ukigawa kwa 240 ni karibu 23A. Soketi ya 16A itayeyuka, huanza na harufu kisha rangi ya kahawia kwenye pini. Isitoshe, hita ya papo kwa papo huchemsha maji yanapopita tu, kwa hiyo kuiwasha kutoka barabarani hakukupi kitu. Iache na swichi yake ya ukutani.

Mwenye tangi la lita 50 na koili ya 1.5 kW ndiye anayefaidi ratiba. Kutoka nyuzi 18 hadi 60 huchukua kama saa moja na dakika 40. Hata hapo, rilei ndogo iongoze kontakta ya 25A (swichi ya mkondo mkubwa) kwenye boksi la breka, mkondo mkubwa usipite ndani ya rilei yenyewe. Kazi hiyo apewe fundi wa stima mwenye leseni.

DVR, kamera nne na rauta pamoja hula wati 40 hivi. Betri ya asidi ya 12V 18Ah ina Wh 216, na ukitumia nusu ili isife mapema unapata kama saa mbili na nusu. Mota ya geti iwe na betri yake.

Ukimaliza kufunga kila kitu, zima breka kuu dakika tano, iwashe, kisha tembea uangalie: geti limebaki limefungwa, balbu hazikuwaka zenyewe, DVR inaonyesha tarehe na saa sahihi. Rudia zoezi hilo rauta ikiwa imechomolewa.